Jiwe la Mizani

Sokoni walimwita Gramu, na hakuna aliyemwita hivyo kwa mapenzi. Kazi yake ilikuwa kukagua mizani. Alifika bila hodi, akaweka jiwe lake la kilo moja juu ya mzani wa mtu, akainama, akasoma, na mshale ukizidi hata kidogo alitoa karatasi nyekundu iliyoandikwa MBOVU, ISITUMIKE, akaibandika na kwenda zake. Muuza nyama mmoja aliwahi kumwambia kwamba akifa ataikagua mizani ya ahera. Gramu alijibu kwamba ingefaa mtu aikague.

Watu wa namna hii hawaachi kazi mlangoni. Mkewe, aliyekuwa msusi, alishazoea kumkuta jikoni akipima pakiti ya unga kabla haijafunguliwa. Alimvumilia kwa kuwa alikuwa mtu mwema na mkweli, asiyejua kusema uongo hata pale ambapo uongo ungesaidia. Mimba yao ya kwanza ilitimiza miezi yote. Mtoto alizaliwa mkubwa, mnene, amekamilika kila kidole, na hakupumua. Mama yake Gramu aliwaambia waliokuja kuwapa pole kwamba mjukuu wake alikuwa wa karibu kilo tano, na Gramu akasahihisha kwamba ni kilo nne na gramu mia nane hamsini. Katika msiba ule hakusema kitu kingine. Mkewe alimsikia kutoka chumbani, akageukia ukutani.

Kwa hiyo mimba ya pili ilipoingia, nyumba nzima ilinyata. Kliniki walimnywesha mke maji ya sukari, wakampima damu, wakamwambia ana kisukari cha mimba. Wakampangia chakula, wakampa kimashine cha kujipimia nyumbani, na wakamtaka arudi na majibu baada ya majuma mawili. Alishika masharti kwa meno. Aliacha soda, akaacha sukari kwenye chai, akapunguza wali mpaka sahani ikatia huruma. Hata hivyo, kila asubuhi alipojichoma kidole kabla ya kula, namba ilikuwa juu ya ile aliyotakiwa. Akaanza kulia bafuni, akidhani maji ya bomba yanamfichia sauti.

Kilio kile Gramu hakukiweza. Mume mwingine angemkumbatia. Yeye alikwenda kukagua mashine.

Mantiki yake ilikuwa safi, na hapo ndipo lilipoanzia balaa. Ukitaka kujua kama mzani unasema kweli, unauwekea kitu ambacho uzito wake unajulikana. Hapa ilihitajika damu isiyotiliwa shaka, na katika nyumba ile aliijua moja tu. Alikuwa mwembamba, alizunguka soko zima kutwa kwa miguu, hajawahi kulazwa. Kama siku hizi alikunywa maji mengi na kuamka mara kwa mara kwenda haja, hilo alililaumu joto. Basi akajichoma kidole asubuhi kabla ya kula. Karatasi ya maelezo ilisema mtu asiye na tatizo hupata tano au karibu na hapo. Yeye alipata kumi na tatu.

"Inazidisha," alimwambia mkewe, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akatabasamu. "Inazidisha kwa nane nzima."

Mkewe, ambaye asubuhi hiyo alikuwa amepata saba, aliuliza kama ni hivyo yeye ana ngapi. Gramu akatoa nane kwenye saba, akapata chini ya sifuri. Kisha akamweleza kwamba mashine mbovu haikosei kwa usawa. Akaibandika karatasi nyekundu, akaiweka juu ya kabati.

Anayetamani sana kuambiwa kuwa ni mzima hadai ushahidi mwingi, na huyu aliambiwa na mtaalamu wa serikali aliyelala naye kitanda kimoja. Sukari ikarudi kwenye chai. Mama mkwe, yaani mama yake Gramu, akaleta juisi na keki, na kila alipokuja alilisifia tumbo lilivyokua. Siku ya kupeleka majibu ikapita, kwa kuwa hapakuwa na majibu ya kupeleka.

Walipokwenda kliniki kwa zamu ya kawaida, daktari alipiga picha ya tumbo, akarudia, kisha akarudia tena. Gramu alisimama nyuma yake, mikono mgongoni, akiitazama skrini kwa jicho lile lile la sokoni. Daktari alisema kichwa cha mtoto kinalingana na umri wa mimba, lakini tumbo lake limetangulia kwa majuma matatu, na maji yanayomzunguka yamezidi. Gramu akasema hiyo ni heri, mtoto mkubwa ndiye mwenye afya.

"Huyu si mwenye afya, ni mwenye mafuta," alisema daktari. "Sukari ya mama inavuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Mtoto analazimika kutengeneza insulini yake mwenyewe ya kuishusha, nyingi kuliko kawaida, na sukari yote ile inageuka mafuta mabegani na tumboni. Mwili unanenepa, lakini mapafu yanaweza kuchelewa kukomaa. Na wengine mwishoni huzimika tu tumboni, bila dalili."

Mke alikuwa bado amelala juu ya kitanda cha kupimia.

"Kama yule wa kwanza?" aliuliza.

Daktari alifungua faili lake. Alisema safari ile hakuna aliyempima sukari, kwa hiyo hawezi kuapa, ila mambo yanafanana sana.

Hapo Gramu, kwa kupenda utaratibu, akatoa mfukoni mashine aliyoishusha kabatini asubuhi, na kueleza ukaguzi wake wote, tangu jiwe la kilo mpaka kidole chake. Daktari aliisoma karatasi nyekundu. Kisha akamwita muuguzi aje na mashine ya kliniki, akamwuliza Gramu kama amekula. Hakuwa amekula. Ilisoma kumi na nne.

"Mashine yako ni nzima," daktari alisema. "Kibovu ni jiwe."

Gramu alishukuru.

Walitoka na sindano za insulini za mke na vidonge vya mume. Walipofika mlangoni kwao, mkewe alimgeukia.

"Uliuamini mwili wako kuliko damu yangu," alisema, akaingia ndani.

Tangu hapo walikula chakula cha aina moja, mezani pamoja, bila maneno mengi. Mama mkwe aliombwa asije na keki, akanuna, akaja na matango. Gramu alijifunza kumchoma mkewe sindano, na alipomaliza aliweka kiganja juu ya tumbo, akangoja teke. Aliogopa. Sokoni hakuna aliyejua, lakini mtu yule aliogopa kwamba amemuua mtoto wa pili kwa karatasi ya ofisi. Mtoto alipopiga teke alishusha pumzi. Alipochelewa, mume na mke walitazamana, na hizo ndizo nyakati pekee ambazo mke aliuacha mkono wake ukae juu ya mkono wa Gramu.

Madaktari hawakungoja siku zitimie. Walisema mabega yale yanaweza kukwama njiani, wakamfanyia upasuaji. Akatoka mtoto wa kike, mwekundu, mashavu yamejaa, mzuri hasa. Waliokuwepo wakampongeza Gramu. Lakini kitovu kilipokatwa, sukari ya mama ilikatika papo hapo, na mwili wa mtoto haukuwa na habari. Uliendelea kumwaga insulini kama ulivyozoea. Sukari yake ikaporomoka. Alilegea, vidole vikitetemeka. Muuguzi alimchoma kisigino, na mtoto hakushtuka hata kidogo. Gramu aliomba arudie kupima. Muuguzi akarudia, namba ikawa ile ile.

Wakamtundikia dripu, wakamnywesha maziwa kidogo kidogo kwa kikombe. Mkewe alikuwa wodini na mshono wake, hawezi kusimama, na alimwuliza kila muuguzi aliyepita neno moja: vipi? Gramu alisimama kwenye mlango wa chumba cha watoto, hana cha kukagua.

Muuguzi alipomchoma tena kisigino, mtoto alikunja uso, akavuta mguu, akapiga ukelele uliowaamsha wenzake wote chumbani. Simu ya Gramu ikaita wakati huo huo. Alikuwa mama yake.

"Ana kilo ngapi?" mama aliuliza.

Alizijua. Aliuona mzani kwa macho yake, mpaka gramu ya mwisho.

"Analia, mama."

"Nimekuuliza uzito."

"Nimesikia. Analia."

Akanyoosha mkono, akaielekeza simu kule kwenye kitanda, akaishikilia hapo mpaka salio la mama yake likaisha.