Kiwango cha Nne

Kila asubuhi, kabla hajafunua cherehani kwenye kibanda chake cha soko la Jericho, Nthenya alisoma taarifa ya theluji ya milima ya Kanada. Mumewe Mbaluka, aliyekuwa mchonga vinyago Pumwani, alikuwa huko mwaka wa pili sasa, akiwapikia watalii wanaoteleza kwenye theluji na kuwapandishia vyakula mlimani kwa miguu. Theluji Nthenya hakuwahi kuigusa. Lakini mteremko wa kaskazini aliopanda mumewe aliujua kuliko njia ya kwenda Kariokor. Alijua kwamba theluji mpya ikilala juu ya ile ya zamani iliyolegea kama sukari, hatua za mtu mmoja zinatosha kuporomosha upande mzima wa mlima.

Jumanne moja ya Januari hatari ya maporomoko ilipanda hadi kiwango cha nne kati ya vitano. Akampigia hapo hapo. Mbaluka akamweleza kwamba kuna wageni wanane huko juu na chakula kinawaishia; kukipambazuka atapanda na kiongozi wa msafara.

"Baba Ndinda, usipande," Nthenya akasema.

Akajibu kwamba wataona asubuhi. Kisha simu yake ikawa haipatikani siku mbili.

Siku hizo Nthenya alishona sare za shule, akaweka mkono wa kushoto mahali pa kulia, akafumua, akarudia kosa lilelile. Phelister, muuza mitumba wa kibanda cha pili, alimletea chai na kukaa naye. Hakumwambia asiwe na wasiwasi.

Alhamisi jioni, akifunga kibanda, simu ikalia. Mbaluka alikuwa mzima. Kiongozi alichimba shimo kwenye theluji, akaona tabaka la chini limelegea, wakarudi. Saa moja baadaye mteremko wote ulishuka, ukafukia barabara na kuangusha nguzo za umeme, simu zikakatika. Wageni walipelekewa chakula kwa helikopta.

Nthenya alikuwa amejiandaa kugomba.

"Rudi," akasema. "Nimechoka kukutafuta kwenye taarifa za theluji. Nataka kukusikia ukikohoa hapo nyumbani."

Mbaluka akakiri kwamba hata yeye amechoka. Theluji ikiyeyuka, mkataba utakuwa umeisha, naye atapanda ndege.

"Huyeyuka mwezi gani?"

"Mei, Mama Ndinda."

Nthenya akaitikia, akamwomba asikate simu. Alisimama pale na kufuli mkononi, akisikiliza pumzi za mumewe mpaka mtandao ukapotea.