Maji Baridi ya Bi Ashatu

"Maji! Maji, jamani!"

Sauti ya Hija ilitangulia kutoka shimoni, mwenyewe akafuata, tope mpaka kwenye kope, kata ya maji mkononi, anacheka peke yake. Na kwa nini asicheke? Mkewe, Mina, alikuwa amejifungua mtoto wa kike baada ya miaka ya kungoja na kusemwa na watu. Kesho ndiyo akika, na mbuzi wa akika huyo hapo uani kwa Bi Ashatu, amefungwa mpapaini, anatafuna.

Mbuzi huyo ndiye ujira. Bi Ashatu alikuwa akipika chai ya kuuza hapo Bagamoyo, na amechoka kuteka maji kwa watu. Alimwambia Hija, "Nichimbie kisima mpaka maji baridi, mbuzi wako." Jirani yao Bwanausi, mwashi, akawa shahidi.

Bi Ashatu akapokea kata, akapiga funda, akatema palepale.

"Chumvi!"

"Lakini ni baridi, mama! Yanatia ganzi meno."

"Nani kataka ganzi? Nimekwambia maji baridi!"

"Na ndiyo hayo!"

Masikini Hija. Yeye ni Mkwere wa Lugoba, na huko kwao chumvi hununuliwa dukani, haichimbwi. Nani angemwambia kwamba watu wa pwani wakisema maji baridi wanataja maji yasiyo na chumvi, hata yakiwa yamepigwa na jua kutwa nzima?

Bwanausi akaitwa. Alikuja na mwiko wake wa kazi, akaonja, akakunja uso.

"Kisima kipo, shahidi," Hija akasema. "Maji yapo. Limepungua jambo moja tu. Kwa jambo moja ninyimwe mbuzi mzima?"

"Haya," Bi Ashatu akadakia, mikono kiunoni. "Nikikupa mbuzi chongo, utamchinjia mwanao akika?"

"Hapana, mama. Haifai."

"Kwa nini? Miguu anayo, mkia anao. Limepungua jicho moja tu!"

Bwanausi akaangua kicheko mpaka mwiko ukamdondoka. Hija hakucheka. Moyoni alimwona Mina kule nyumbani akimngoja mlangoni na mtoto kifuani, akaona haya, na haya ile ikamuuma kuliko mgongo.

"Ila kijana," Bwanausi akasema akijifuta machozi, "udongo huu naujua. Hukukutana na maji huko juu, mchangani?"

"Nilikutana nayo, mzee. Yalikuwa vuguvugu. Nikayapita, niyatafute ya baridi."

Bi Ashatu akashika kichwa. "Ewe Mola! Ameyapita! Hayo ya juu, yasiyo na chumvi, ndiyo maji baridi!"

Hapo damu ikamchemka Hija, si kwa hasira, kwa furaha. Jua lilikuwa bado lipo. Aliruka, akashika jembe, akaanza kurudisha udongo kwenye lile shimo lake refu alilojivunia, akilifukia bila huruma. Kisha akahamia upande wa pili wa ua, mbali na yale ya chumvi, akachimba upya. Mchanga uliruka, kuku wakatimka, na Bwanausi, ingawa shahidi hapaswi kushika jembe, akavua kanzu akaingia naye. "Taratibu! Taratibu sasa! Usiyapite tena!" Bi Ashatu alipiga kelele ukingoni kama yuko kwenye mashindano ya ngoma.

Mchanga ukaanza kuwa mweusi. Ukalowa. Maji yakajikusanya nyayoni mwa Hija polepole, yana uvuguvugu, na kila kitu mwilini mwake kikataka kuyaonja. Hakuthubutu. Alisubiri yatulie, akachota, akamnyooshea kata Bi Ashatu kwa mikono miwili.

Bi Ashatu akapiga funda. Akafumba macho, mashavu yamejaa, hatemi, hamezi.

Kisha koo la yule mama likapanda na kushuka. Likapanda tena, na tena. Alipomaliza aliigeuza kata kichwa chini mbele ya shahidi, na hakuna hata tone lililodondoka.