Sakafu ya Mama Sandrine

Evariste alikuwa dereva, na madereva wa barabara ya Mongbwalu wana kiburi chao. Miaka ishirini na miwili alipandisha mizigo huko kwa kamioneti yake nyeupe, gari refu la mizigo lisilo na dirisha hata moja ubavuni: chumvi, sabuni, simenti, mabati, na safari moja jeneza la mchimba dhahabu, ndugu zake sita wakiwa wamelikalia. Mtu kama huyo ungemwambia kwamba siku moja gari lake litatundikwa mapazia, angekucheka mpaka machozi yamtoke.

Lakini vita haimuulizi mtu kazi yake. Kilima chao nyuma ya mji mdogo wa Kilo kiliungua, ng'ombe wakaenda na wale waliokuja kuwachukua, na Evariste na mkewe Clarisse wakaingia Bunia na vile vilivyoenea garini: godoro, masufuria, na mashini ya kushona ya Clarisse. Binti yao Sandrine alikuwa ameshaolewa Mahagi-Port, kwa hiyo walikuwa wawili tu. Wa tatu alibaki nyuma. Huyo ni Domitille, mama mzazi wa Clarisse, aliyesema kwamba miguu yake imechoka kukimbia, na kwamba amezika mume na watoto wanne pale, atamwachia nani makaburi? Alijificha katika mihogo siku tatu, akarudi, akafagia jivu, akakaa.

Mjini nyumba za kupanga zilikuwa zimejaa wakimbizi mpaka jikoni. Mjane mmoja wa mtaa wa Mudzipela, Mama Agathe, aliwapa kona ya kiwanja chake waegeshe gari, nao wakalala humo humo. Masika ya kwanza hayajaisha, Clarisse akasema neno lake.

"Papa Sandrine, kama tunalala ndani ya gari, basi tengeneza gari ikuwe nyumba. Lakini sikia muzuri. Ikuwe nyumba yenye kutembea. Siku mama ataniita, tunawasha, tunaenda kumuleta. Unaniahidi?"

"Ninakuahidi," Evariste akasema, na wakati ule alisema kweli.

Basi kazi ikaanza. Alimtafuta Paluku, fundi wa kuunga vyuma aliyekimbia kutoka upande wa Butembo, mtu mwenye mikono ya dhahabu na mdomo usiopumzika. Paluku alikata madirisha mawili ubavuni, akayatia vyuma na vioo. Ndani wakapigilia mbao za mkaratusi na triplex, zile mbao nyembamba za kubandika, juu yake, na katikati wakashindilia vipande vya godoro kuukuu ili jua la mchana lisiwachome. Kitanda kilifungwa ukutani kwa bawaba. Mchana kiligeuzwa meza ya kukatia nguo. Mashini iliwekwa penye mlango wa kuvuta, mwanga upate kuangukia sindano, na wateja wakawa wanasimama nje chini ya turubai. Juu ya paa wakaweka plaki ya sola, na chini ya kiti, betri.

"Umenikatisha gari muzima kama ng'ombe ya sikukuu," Paluku alimtania. "Siku polisi wa barabara atakuuliza unabeba nini, utamujibu nini? Kitanda na bibi yangu?"

Jambo moja Evariste alilisimamia mwenyewe: ukuta kati ya kiti cha dereva na huko nyuma. Kwao mkwe halali chumba kimoja na mama mkwe wake, wala hamwangalii akiwa amelala. Siku Domitille atakapofika, wanawake watalala nyuma, yeye atajikunja mbele kwenye kiti. Alijaribu kulala pale mchana mmoja, shingo ikamuuma siku mbili, akasema panafaa kabisa.

Chini palikuwa na mbao, na hapo ndipo taabu ilipoanzia.

Akina mama wa shirika, ile jumuiya ndogo ya kanisa, husali nyumba kwa nyumba. Zamu ya Clarisse ilipofika, wanawake wanane wakajibana ndani ya gari. Kiongozi wao, Mama Félicité, alitazama mbao, akatazama bati lililoonekana katikati ya mbao, na viatu hakuvua.

"Kwa nyumba ya mutu tunaachaka viatu kwa mulango," alisema. "Hapa iko gari tu. Haizuru, Mungu anasikia hata ndani ya gari."

Hakuwa na ubaya, ndivyo Mungu alivyomuumba, mdomo mbele na akili inafuata. Wenzake wakacheka, na Clarisse akacheka nao. Walipoondoka akakaa mbele ya mashini bila kushona. Evariste alikuwa amemwona mke huyu akitazama nyumba yao ikiungua, jicho kavu. Sasa alikuwa analia.

"Nilikuwa na nyumba," alisema. "Nilikuwa na pavema ya simenti, napangusa kila asubui, watu wanaingia na miguu mitupu. Leo miye iko mutu wa ndani ya gari."

Hakuna mwanamume anayejua la kufanya na maneno kama hayo. Evariste alifanya alilolijua. Kesho yake aliingia kiwanjani na mkokoteni wenye mifuko sita ya simenti na mchanga. Paluku alivua kofia yake ya chuma.

"Papa Sandrine, gari haimwangiwaka simenti. Weye unajua kuliko miye."

"Nimepandisha mifuko makumi tatu mpaka Mongbwalu, na mvua. Hii sita itanifanya nini?"

"Ile makumi tatu ulishusha," Paluku akasema. "Hii utashusha wapi?"

Evariste akaanza kung'oa mbao za chini. Walitandaza nyavu za chuma juu ya bati, wakamwaga, wakalainisha kwa ubao, na mwisho wakasugua rangi nyekundu kama ya nyumba zote za watu. Gari liliinama nyuma kidogo, kama mtu aliyekaa na kushiba. Clarisse aliingia siku ya tatu miguu mitupu, akatembea hatua nne kwenda na nne kurudi, maana hapakuwa na nafasi ya zaidi, akajifunika uso kwa kitenge. Shirika waliporudi, waliacha viatu nje kwenye nyasi, Mama Félicité wa kwanza, akasema sasa hapa ni nyumba ya mtu. Mwezi ule kwaya nzima ilikuja kushonesha nguo kwake.

Wakaishi vizuri, tuseme ukweli. Kila juma Evariste aliwasha mota, akaiacha ingurume robo saa, na Clarisse aliisikiliza akiwa kwenye mashini, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mota ilikuwa nzima. Kila asubuhi Clarisse alipangusa sakafu yake kwa ndoo ya maji na sabuni, akiimba.

Lakini gari si nyumba. Gari hutikisika hata likisimama: wateja wanaegemea mlango, mtu anapanda, mtu anashuka. Simenti ilipata nyufa nyembamba pembeni. Maji ya ndoo yalishuka humo, yakakaa kati ya simenti na bati, mahali ambapo jua wala upepo havifiki. Mwaka wa pili, karibu na Pasaka, Evariste aliingia chini ya gari kukaza skrubu, akaona maji mekundu yakidondoka mchangani. Kwa ufunguo alikwaruza ule mhimili wa chuma unaobeba gari zima. Chuma kilimomonyoka kama mkate mkavu.

Alijua. Tusimsingizie ujinga, mtu aliyelala chini ya magari maisha yake yote. Alijua kwamba ile sakafu ivunjwe leo, chuma kiungwe upya, la sivyo siku mama atakapoita hawatafika. Alitoka chini ya gari na maneno yakiwa tayari mdomoni. Clarisse alikuwa amepiga magoti ndani, kitambaa mkononi, anasugua kona, anaimba wimbo wa kwaya. Evariste akasema moyoni mwake atamwambia baada ya Pasaka. Baada ya Pasaka akasema mvua ziishe. Mficha maradhi kilio humfichua, wazee walisema, nao hawakusema kwa kujifurahisha.

Kabla mvua hazijaisha Baudouin alipiga simu. Huyu alikuwa jirani wa Domitille kule kilimani.

"Mama ameanguka kwa njia ya maji," alisema. "Nyonga imevunjika. Iko nalala tu, kukaa hawezi, kwa hiyo pikipiki haiwezi kumubeba. Lakini wamefungua barabara, musafara wa magari na basoda wenye kuulinda utatoka Bunia kesho kutwa. Mukuje na ile nyumba yenu. Anawangojea."

Clarisse alianza kufunga vitu kabla simu haijakatika. Alitandika shuka mpya kitandani, akatafuta dawa za maumivu, akajaza mito pembeni ili mama asigongwe na mashimo. Nje, Paluku alichungulia chini ya gari, akamvuta Evariste kando.

"Tuvunje pavema leo leo."

"Tukivunja, chini kutabaki nini? Bati imekwisha. Siku mbili hatutaweza kuunga chuma yote."

"Basi mwambie Mama Sandrine."

"Nitaenda polepole," Evariste akasema. Walishusha mashini, masufuria, kila kilichoweza kushuka. Sakafu na kitanda tu vilibaki.

Waliondoka asubuhi nyuma ya malori, Clarisse ameketi mbele, mikono mapajani kama mtu aliye kanisani. Mpaka Iga Barrière gari lilikwenda. Baada ya hapo mashimo yalianza, na kwenye kilima cha kwanza kirefu ukasikika mlio kama wa mti unaokatika. Mhimili ulivunjika katikati. Nyuma ya gari ikakaa chini barabarani, mlango wa nyuma ukafunguka wenyewe, na mapande mekundu ya sakafu yakateleza nje, moja baada ya jingine, pamoja na kitanda kilichotandikwa, bawaba zimeng'oka.

Askari mmoja alikuja akasema lisukumwe kando, msafara hausimami hapa. Watu wakalisukuma mpaka mtaroni. Dereva wa lori la chumvi, rafiki wa Evariste wa siku nyingi, akaita kutoka juu kwamba ana nafasi ya mtu mmoja.

"Panda," Evariste akamwambia mkewe. "Enda kwa mama. Miye nitatafuta gari ingine, nitafuata."

Clarisse alimtazama, akachukua mfuko wa dawa, akapanda. Alitazama mbele tu. Evariste alisimama kando ya mtaro mpaka lori la mwisho likapotea, akaokota shuka kutoka kwenye tope. Gari lingine hakulipata, wala asingepita nalo. Kesho yake barabara ilifungwa tena.

Siku kumi na tisa alilala jikoni kwa Mama Agathe. Simu za kule hazikushika. Siku ya ishirini, barabara ilipofunguka, pikipiki iliingia kiwanjani na Clarisse akashuka, kichwa amenyolewa, na Evariste akajua bila kuambiwa. Mama Agathe aliwatolea mkeka, akaenda kuwaita watu wa shirika. Wakabaki wawili.

"Nilimukuta muzima," Clarisse akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayesimulia safari. "Alikuwa kando ya barabara. Aliwaambia wamubebe na mukeka yake, wamulaze pale, gari isipite bila kumuona. Niliposhuka kwa lori akaangalia nyuma yangu. Akaniuliza, gari iko wapi? Mukwe wangu hachelewaka. Kila asubui aliomba wamutoe tena pale. Siku sita. Mota ikilia mbali, anasema, muniinue. Siku ya saba hakuomba tena."

Evariste alikuwa anatazama mikono yake.

"Dawa ya maumivu ilisaidia kidogo," Clarisse akaendelea. "Monganga mmoja wa dispensari ya kule aliniambia mfupa ile ingeungwa hapa Bunia. Lakini usijitese, Papa Sandrine. Ni barabara. Ile barabara haina huruma."

Evariste angeweza kunyamaza. Alikuwa amezoea kunyamaza, na mke alikuwa amempa njia ya kutokea.

"Si barabara," akasema. "Nilijua. Niliona maji mwekundu chini ya gari, chuma inakwisha. Sikukuambia. Ulikuwa na furaha na pavema yako, nikashindwa."

Clarisse akavuta nyuzi za pembeni mwa mkeka, moja moja. 

"Uliona siku gani?" akauliza.

"Karibu na Pasaka."

"Miye nilitangulia, niliona mbele ya Noeli," Clarisse akasema. "Nilikuwa naamuka mbele yako, namwanga mchanga mukavu pale chini, juu ya ile maji, ili usione. Nilijua ukiona, utavunja pavema yangu. Nikasema, mama bado iko na nguvu. Nikasema, bado."

Evariste alimgeukia. Alitaka kumwambia kwamba hata kama yeye angeona mapema asingevunja, na kwamba kweli aliona na hakuvunja, lakini maneno hayo hayakuwa na faida kwa mtu yeyote. Akamshika mkono, naye hakuuondoa.

Watu wa shirika wakaanza kuingia kiwanjani kwa kilio, vitenge vimefungwa kiunoni, Mama Félicité mbele. Alipiga magoti mkekani, akawakumbatia wote wawili kwa mkupuo, akilia machozi ya kweli.

"Poleni, wapendwa," akasema. "Ile barabara itatumaliza sote."

Mume na mke hawakutazamana.

"Ndiyo, mama," Clarisse akaitikia, na Evariste akaitikia nyuma yake. "Ni barabara."