Joka Lisiloangusha Mtu

Wema ukizidi mno humnyima mtu hata nafasi ya kukohoa. Titong aliyaonja hayo kila Jumapili mchana, Weng aliposimamisha pikipiki yake ya kibanda mbele ya duka la supu sokoni La Paz na kumteremsha pamoja na kiti chake cha magurudumu, huku Jonel akishikilia ubao wa kupandia kizingiti. Ubao huo Jonel aliugongelea misumari mwenyewe, ingawa ni muuguzi, yeye na nyundo hawajuani, na kidole gumba kilimvimba wiki nzima. Meza ya pembeni Manang Delfa, yaani Dada Delfa mwenye duka, alikuwa ameiinua kwa matofali ili magoti ya Titong yapite chini yake. Siku ya kwanza Titong alipoyaona matofali yale alisingizia mafua, apate kufuta macho.

Kabla ya hapo alikaa ndani kwa mama yake zaidi ya mwaka, tangu alipoanguka kutoka kwenye nguzo akivuta nyaya za simu. Jumapili hizi ndizo zilizomtoa nje. Zaidi ya hizo hakuwa na pa kwenda wala wa kumngoja.

Manang Delfa alikuwa amerithi duka kwa mama yake, na ulimi pia. Pale mezani ndiye aliyekuwa mwenye hadithi. Alikuwa na kitabu cha mchezo kilichochakaa, cha nchi ya kubuni yenye majoka yanayoishi miambani. Kila mchezaji hujifanya mpanda joka, anaeleza anachotaka kufanya, kisha anarusha dadu kujua kama amefaulu. Mchezo mtamu, ila aliyekiandika kitabu, kwa maneno ya Delfa, alikuwa na roho ya mwenye mashamba ya watumwa. Joka humchagua kijana asiye na kilema, apende asipende. Wanawake kazi yao kutunza mayai. Watu wa bondeni huzaliwa watumwa, na kitabu hakioni ubaya wowote.

"Hapa hatuchezi hivyo," aliwaambia siku ya kwanza, akiwapakulia supu ya tambi na maini. "Wa bondeni ni watu, wana mambo yao na mashauri yao. Anayetaka kupanda, apande. Na joka linabisha hodi kwanza. Ukilikatalia, linakwenda zake."

"Na malkia wa wapanda majoka?" Weng akauliza huku akijipepea. Weng alizaliwa akaitwa Wenceslao, jina la kiume, na sasa ndiye dereva mwenye kucha nyekundu kuliko wote sokoni. "Kitabu chako kinasema lazima awe mwanamke wa kuzaliwa."

"Kitabu kinasema mengi. Wewe unataka kuwa malkia au hutaki?"

"Nauliza tu nivae nini."

Kulikuwa na kijiko pia. Jambo la hadithi likikuchoma, unakigeuza kijiko chako kifudifudi. Hadithi inasimama, jambo lile linaondolewa, na ni mwiko kukuuliza kwa nini. Titong aliipenda sheria hiyo kuliko zote. Nyumbani alikuwa amechoka kuulizwa.

Lakini kulikuwa na badiliko jingine ambalo Delfa hakulitangaza, na Titong aliligundua polepole, jinsi mtu anavyogundua kuwa chai haina sukari. Miamba ya kitabu ilikuwa imegeuka vilima vyenye majani laini. Katika nchi ile nzima hakuna aliyeanguka. Hata neno lenyewe lilifukuzwa mezani. Jonel akiponyokwa na kitu sakafuni alisema kimeshuka.

Na dadu je? Weng alirusha vibaya akapoteza jicho, akatamba nalo wiki tatu. Jonel aling'atwa, akafungwa, akatoroka, akang'atwa tena. Titong akinyoosha mkono, Delfa alikuwa wa kwanza kusema, "Wewe huna haja, Nonoy. Daguob hakuachi." Nonoy ndivyo wanavyobembelezwa wavulana, na Daguob ndilo lilikuwa jina la joka lake, na kweli hakumwacha. Alimbeba kama yai.

Titong alichoka. Kisha akakasirika, kisha akaona haya kwa kukasirika. Watu wamejigonga vidole kwa ajili yako, wameinua meza, wanakuchukua na kukurudisha, nawe unanuna kwa sababu hujapewa dadu? Shukrani ya punda ni mateke, alijiambia kitandani kwake. Basi akaamua atafanya kama waungwana wafanyavyo, atadanganya. Jumapili ijayo atamwambia Weng anaumwa. Inayofuata pia. Mwisho watazoea.

Ndiyo maana Jumapili ile alikula supu yake taratibu, kama mtu anayeaga. Kwenye hadithi kimbunga kilikuwa kimewazingira watu wa bondeni, na wapanda majoka walitakiwa kuvusha kamba juu ya mto uliofurika. Weng akarusha dadu, akafika kwa taabu. Jonel akarusha, akapoteza tandiko, akafika akining'inia. Zamu ikawa ya Titong.

"Wewe Daguob anakuvusha vizuri tu," Delfa alisema kwa sauti ya upole. "Polepole, kama mtoto kwenye bembea."

Titong alikuwa na miaka ishirini na tisa. Mkono wake ulikwenda wenyewe, ukakigeuza kijiko.

Delfa alipauka. Kuuliza kulikuwa mwiko, tena mwiko wake mwenyewe.

"Samahani, Nonoy. Naondoa kimbunga. Hakuna upepo."

Kijiko kikabaki kifudifudi.

"Naondoa mto. Maji yamekauka." Akamtazama. "Basi, naondoa na kuruka. Majoka yamelala."

"Manang," Jonel akasema, "sasa tumebaki na nini? Tuvuke kwa miguu?" Alipolisikia neno lake mwenyewe akaziba mdomo kwa viganja viwili.

Titong akacheka. Hakutaka, lakini kilikuwa kicheko kinachotoka tumboni na hakishikiki, na Weng naye akakidaka, mpaka mwanamke wa duka la pili akachungulia.

"Msiondoe tena," Titong alisema alipopata pumzi. "Mmeondoa mpaka mimi. Wenzangu wote wana dadu, mimi nina bembea."

"Nilikesha nikibadilisha milima yote ile," Delfa akasema, na sauti ilikuwa na kidonda. "Ili usiumie."

"Najua, Manang. Meza hii, ubao ule, nawashukuru hata sijui nianzie wapi. Ndiyo maana nimekaa kimya, nikaogopa kuonekana sina fadhila. Lakini nilishaumia. Nilianguka kutoka nguzoni nikavunjika mgongo, na leo niko hapa nakula supu yako. Lisemeni neno lenyewe, halinivunji mara ya pili."

"Kumbe tulikuwa tunamlinda nani?" Weng akauliza.

"Nyinyi wenyewe, nafikiri."

Delfa alichukua kitambaa akafuta meza iliyokuwa safi. Alipoimaliza akaifuta tena. Kisha akakivuta kile kitabu kilichochakaa, akafungua ukurasa wa miamba, akaisukuma dadu mpaka mbele ya Titong.

"Kimbunga kimerudi," alisema. "Mto umejaa, na chini yako ni mwamba wa asili, si kilima changu. Ukikosa nakuangusha, na nisilaumiwe."

"Niangushe."

Dadu ilibingirika ikasimama karibu na chumvi. Moja. Jonel alimtazama Delfa kwa macho ya kuombea mtu msamaha. Delfa akavuta pumzi.

"Upepo umempiga Daguob ubavuni. Mkanda umekatika. Umeanguka," alisema, na baada ya kulitamka mara moja akapata nguvu. "Unaanguka, mvua inakupiga usoni, mwamba unapita karibu kiasi cha kuugusa, na Daguob yuko juu yako anakutafuta, hakuoni."

Weng aliushika mkono wa Jonel akauminya mpaka akaguna. Titong aligundua kuwa amekamata magurudumu kwa mikono miwili na moyo unamwenda mbio. Alikuwa na hofu, hofu safi ya mchezo, na ilikuwa tamu.

"Nonoy," Delfa aliinama juu ya meza, macho yakimng'aa. "Unaanguka. Unafanya nini?"

Tangu nguzo ile, madaktari walimuuliza mama yake. Majirani waliulizana wao kwa wao wamsaidieje. Kasisi aliuliza aombewe nini. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza yeye atafanya nini. Shukrani ilimjaa, na safari hii haikuwa na haya ndani yake.

"Ngojeni," alisema. "Nafikiria."

Nao wakangoja, supu zikiwapoa.