Annastella Kwenye Tangazo

Klaudia alikuwa jikoni akimenya ndizi za jioni aliposikia sauti ya binti yake sebuleni. Kisu kilimponyoka. Annastella alikuwa amezikwa, mwaka wa pili sasa, nyuma ya nyumba kwenye migomba.

Alimkuta mumewe, Rutaihwa, amesimama mbele ya televisheni, mikono kichwani. Kwenye kioo Annastella alikuwa anacheka. Amevaa lile gauni lake la maua, tumbo limemtangulia, na nyuma yake zahanati mpya ya kijiji inang'aa kwa rangi.

"Namshukuru mheshimiwa Kahangwa," alisema. "Sasa nitajifungulia karibu na nyumbani."

Ikafuata sura ya Kahangwa mwenyewe, mbunge wao, na maneno: Kazi inaonekana. Apewe tena.

Zilikuwa wiki za kura za maoni ndani ya chama, na wagombea walikuwa wakijinadi kila mahali. Picha ile ilipigwa siku ya uzinduzi. Wiki tatu baadaye Annastella alishikwa na uchungu. Zahanati ilikuwa na rangi na kufuli. Mkunga hakuwa ameletwa. Wakampakia kwenye pikipiki kumkimbiza hospitali ya Kamachumu. Alifia njiani, na mtoto tumboni.

"Huyu mtu hajui?" Klaudia aliuliza.

"Alikuja msibani, Mama Annastella. Alikaa hapo hapo uliposimama."

Asubuhi Klaudia alikwenda Bukoba mjini, kwenye ofisi ya kampeni ya Kahangwa. Alipokewa na dada mmoja aitwaye Shamsia, ambaye alimsikiliza hadi mwisho, akafuta macho, akaingia ndani kuongea na wakubwa. Alikawia. Alipotoka hakumtazama usoni.

"Wanasema litaondolewa, mama."

"Lini?"

Shamsia alishusha sauti. "Nisamehe. Nimewaeleza yote. Wanasema anaongea vizuri kuliko wengine wote waliowarekodi."

Tangazo liliendelea, kila jioni kabla ya taarifa ya habari. Siku za kwanza Rutaihwa aliwahi kuzima. Siku ya tano mkewe alimshika mkono.

"Mwache aseme."

Tangu hapo walikaa wote wawili kumngoja. Klaudia aliona mambo aliyokwisha kuyasahau: kovu la kidevuni, namna alivyozoea kushika hereni akiona haya. Alianza kupika mapema ili asipitwe. Akimaliza kutazama alijichukia.

"Namkaribisha Kahangwa nyumbani kwangu kila siku," alimwambia mumewe, "ili nimwone mwanangu."

Rutaihwa alisogeza kiti chake karibu na televisheni.

Yeye alikuwa mjumbe wa chama, mmoja wa waliopaswa kupiga kura. Siku ilipofika alivaa koti akaenda. Alirudi alasiri, akaketi kizingitini bila kuvua viatu.

"Kahangwa kashinda."

"Na wewe ulimpa nani?"

Aliinama kufungua kamba za viatu. "Nilimpa yeye."

"Baba Annastella!"

"Nilifikiri, akishinda, matangazo yataendelea hadi uchaguzi mkuu. Nikasema, basi angalau tutakuwa naye miezi miwili mitatu." Akavua kiatu kimoja. "Nilishika kalamu nikamwona Annastella, sikumwona Kahangwa."

Klaudia alitafuta tusi la kumtupia, hakulipata. Hata yeye, angepewa ile karatasi, hakuwa na hakika angeweka alama wapi. Aliketi kando yake.

Wiki iliyofuata lilikuja tangazo jipya. Kahangwa alikuwa juu ya trekta, wanafunzi wakimpungia mikono, na wimbo wa kumsifu. Walingoja hadi taarifa ya habari ikaisha. Kesho yake wakangoja tena, na keshokutwa. Annastella hakuja.

"Labda wamemwondoa kwa sababu ulikwenda kuwaomba," Rutaihwa alisema.

Hakusema kwa ubaya. Klaudia alijifunika uso kwa kanga, na chakula kikapoa mezani, hakuna aliyekigusa.