Mita ya Nne

Mgeni aliingia bila hodi, Fundi akiwa amelala chini ya pampu, miguu tu inaonekana. Jengo hilo la ghorofa kumi na nne alikuwa akilitunza kwa mwaka wa kumi na tisa sasa. Chumba cha uani, alichoishi na mama yake asiyeinuka kitandani, alipewa pamoja na kazi.

"Mzee wangu, u hai humo?"

"Nusunusu. Nani mwenzangu?"

Alikuwa binti mkaguzi wa jiji. Sheria mpya ilitaka kila jengo kubwa lipime umeme wake wa mwaka, jumla ibandikwe mlangoni, kila mpita njia aione.

"Taarifa yenu ina mita tatu," binti alisema. "Mimi nimehesabu nyaya kuu nne."

Fundi alijifuta mikono. Hapo mita ilisomwa na watu wawili: yeye hutamka, karani wa meneja huandika. Kila mwezi alitamka mita zote nne. Kumbe ile ya mashine za ubaridi, mlafi kuliko zote, haikuandikwa hata siku moja.

"Nikirudi saa nane utanisomea?"

"Nitakusomea, mwanangu."

Meneja alipoambiwa na Fundi, alicheka. "Fundi, siasa umeanzia uzeeni?" Kisha kicheko kikamkauka. "Ukimsomea, mama yako leo hii analala nje. Mwambie ufunguo wa chumba cha mita umepotea, yaishe."

Fundi alikwenda kumgeuza mama ubavu.

Saa nane binti alirudi. Fundi akamwuliza, "Nikikusomea, wenye jengo watafanywa nini?"

Binti aliinamisha macho. "Wataandikiwa barua ya onyo. Labda itaishia kabatini, kama nyingine. Sikudanganyi, baba. Ukiniambia haiwezekani, nitaelewa."

Fundi hakuona faida yoyote, si kwake, si kwa jiji. Lakini neno lilikwisha kumtoka. Akafungua mlango wa chuma wa chumba cha mita.

Alisoma tarakimu mojamoja. Kupitia tundu la hewa alimsikia mlinzi aliyetumwa na meneja akiburuta godoro uani, na mama akiuliza, "Mwanangu yuko wapi? Jamani, mwanangu yuko wapi?"

Fundi akamalizia tarakimu mbili zilizobaki.

"Sasa nisomee ulichoandika," alisema. "Chote."