Dizeli ya Septemba

Gari lilizimika saa moja asubuhi, hatua hamsini tu kutoka mlangoni kwa mwenyeji wao, Gasore, na Adolphine akajua papo hapo kwamba siku imeingia mkosi. Lilikohoa mara mbili, likatoa moshi mweupe, likanyamaza katikati ya barabara ya Clintonville, huku majirani wakikwangua barafu kwenye vioo vya magari yao ya petroli na kuondoka zao bila maneno.

"Bon, ni baridi tu," alisema mumewe, Masumbuko, akazungusha ufunguo tena. Gari likalia kinyonge, halikuwaka.

Adolphine alijua kwamba akifungua mdomo, yatatoka ya wiki nzima. Tangu Jumatatu, nyumbani kwao Louisville, alikuwa amemsihi mumewe wakate tiketi za basi. Masumbuko alikataa katakata. Mama mkwe, alisema, hapokelewi na watu walioshuka kwenye basi na mifuko begani. Mama mkwe anapokelewa na gari, na gari liwe la dizeli, maana dizeli ndiyo aliyoendesha miaka kumi na miwili kati ya Uvira na Bukavu, kwao Kongo, na hakuna Mmarekani wa kumwambia kitu. Basi wakaondoka na gari lile kuukuu, wakalala Columbus kwa Gasore, na sasa hawa hapa, nyuzi joto ishirini chini ya sifuri, wanatazamana na usukani.

Ndege ilikuwa itue Buffalo saa tisa alasiri. Ndani yake alikuwamo mama yake Adolphine, mwanamke wa miaka sabini na moja asiyejua kusoma, anayetoka kambi ya wakimbizi peke yake baada ya miaka tisa ya kusubiri. Binti na mkwe walitangulia, faili lake likabaki. Katika simu ya mwisho mama alisema jambo moja tu, na Adolphine alikuwa hajalala vizuri tangu siku hiyo. Alisema: "Nikifika na sikuone kwa mulango, nitajua ulishakufa na batu bananificha."

Hakuwa anatania. Kambini alikuwa ameona wazee wakifichwa vifo vya watoto wao walio ng'ambo, mwaka hadi mwaka, binamu wakipokea simu na kujifanya marehemu. Sauti ya simu haikuwa mtu tena kwa mama. Mtu ni yule unayemshika.

Gasore alitoka nyumbani amevaa koti juu ya nguo za kulalia. Alikuwa mtu wa milima ya Kivu Kusini, mpole, mwenye kazi ya kutengeneza malori kwenye ghala moja kubwa upande wa kusini wa mji. Alifungua boneti. Akapima betri, nzima. Akagusa bujii za kupasha moto moja moja, zinafanya kazi. Mwishowe akafungua filta ya mafuta, akaimimina kwenye chupa tupu ya jemu, akainyanyua kwenye mwanga. Yalitoka mabonge meupe, mazito kama mawese yaliyolala nje.

"Hii mazutu mulinunua wapi?" aliuliza, maana kwao dizeli huitwa mazutu.

"Kwa station. Louisville," alisema Masumbuko.

"Lini?"

"Jana."

Gasore alitikisa ile chupa. "Kaka, hii haiko ya jana. Huku iko mazutu ya joto na mazutu ya baridi. Station inabadilishaka mbele ya baridi kuanza. Ile ya joto ikipata hali ya leo, inakuwa sawa mushumaa. Inafunga filta, gari inakufa."

"Weye unanifundisha mazutu?" Masumbuko alipandwa na hasira hapo hapo barabarani. "Miye nilipandisha camion ya mizigo mulima ya Ngomo ukiwa ungali unachunga ng'ombe!"

Adolphine aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Mwenye nyumba amewalaza, amewapa chai, ameacha kitanda chake asubuhi ya Jumamosi, kisha anatukanwa kwa ng'ombe wa baba yake. Gasore mwenyewe aliwasaidia kusukuma gari hadi gereji yake, akabadilisha filta, akaleta mashine ya mkewe ya kukausha nywele na kuielekeza kwenye mabomba ya mafuta kwa muda wa saa nzima. Akamimina dawa ya kuyeyusha ndani ya tangi. Gari likawaka. Alipomuaga Adolphine alimwambia kwa sauti ya chini, "Dada, mukiweka mazutu, muweke ya pompi tu. Ya hapa hapa njiani. Ingine hapana."

Waliondoka saa tatu. Njia nzima hadi Cleveland Adolphine alitazama mishale ya dashibodi kama anayelinda mgonjwa. Masumbuko aliimba nyimbo za kanisa, akapiga usukani, akajisifu kwamba gari linavuta vizuri. Karibu na Erie, saa saba, walisimama kwenye kituo cha mafuta. Adolphine alikimbilia chooni, akajipanga foleni nyuma ya wanawake watano wenye watoto, na aliporudi alimkuta mumewe anafunga kifuniko cha tangi.

"Umeweka?"

"Niliweka. Imejaa."

Akafurahi, mjinga yeye. Alimpa hata kipande cha mkate.

Saa nane na dakika kumi na tano, wakiwa wameshaiona alama ya uwanja wa ndege na kuingia Cheektowaga, gari likakohoa. Adolphine alilisikia kabla ya mumewe. Lilikohoa tena, likapunguza mwendo, malori yakiwapita na kuwarushia matope ya theluji, kisha likajivuta hadi pembeni na kuzimika.

Masumbuko alizungusha ufunguo. Akafungua boneti, akagonga filta kwa bisibisi, akaanza kumlaani Gasore. Ameweka filta mbovu. Amemimina maji badala ya dawa. Watu wa milima wanajua nini kuhusu injini?

Adolphine alishuka. Hakwenda mbele, alikwenda nyuma, akafungua buti. Chini ya blanketi waliloletea mama palikuwa na madumu manne ya njano, ya lita ishirini kila moja. Aliyajua. Mumewe aliyajaza mwezi wa tisa, jua likiwaka, akayapanga nyuma ya nyumba, kwa sababu dereva wa Kivu, alisema, haweki maisha yake mikononi mwa kituo cha mafuta. Leo kina mafuta, kesho hakina. Adolphine alidhani yamebaki Louisville. Aliyatikisa. Yote manne yalikuwa matupu, mawili yakiwa bado yana unyevu mdomoni.

Ilimjia yote kwa mara moja. Mawili ya jana, mawili ya Erie. Uongo kwa Gasore, uongo kwake. Damu ikamchemka hadi akaacha kuisikia baridi. Alichukua dumu moja akalirusha kwenye theluji, likadunda na kuteleza mbali. Akarusha la pili.

"Ulisema uliweka!"

"Niliweka, Adolphine. Ile bidoni iko mazutu muzuri, ni ile Gasore—"

"Usimutaje Gasore! Alikuambia! Alikuonyesha ndani ya chupa! Pompi ilikuwa mbele yako, mutu muzima na macho yako, na unaenda kumwanga bidoni ya mwezi wa tisa!"

"Kama njiani ingekosa? Unajua vile inakuwaka njiani mafuta ikikosa."

Hapo ndipo Adolphine aliposema. Kwa miaka kumi na moja alikuwa amelimeza neno lile kila lilipompanda. Walikuwa na mtoto wa kwanza, Précieux, wa miaka minne. Homa ilimshika mchana huko Kamanyola, wakampakia kwenye pikapu ya tajiri wa Masumbuko kumpeleka hospitali Bukavu, na kwenye mlima wa Ngomo mafuta yakaisha. Dumu la akiba, ambalo Masumbuko aliapa limejaa, lilikuwa na bakuli moja tu chini. Walikaa mlimani kwa muda wa saa nne. Tangu siku ile hakuna aliyewaita tena Mama Précieux na Papa Précieux, na tangu siku ile Masumbuko hakuweza kuona dumu tupu bila kulijaza.

"Mara ile mafuta ilikosa, mutoto akakufa," alisema Adolphine. "Leo mafuta iko, na bado hatufike. Weye njo uliua Précieux, na leo unaniulia mama."

Masumbuko alisimama na bisibisi mkononi. Kisha akageuka, akainamia injini, akaendelea kuifungua ile filta kwa vidole vyeupe kwa baridi.

Adolphine alimwacha. Alipanda njia ya kutokea barabara kuu kwa miguu, viatu vikijaa theluji, akitukana kwa sauti, Mungu amsamehe, hadi mzee mmoja mwenye pikapu akasimama na kumuuliza kitu. "Airport," alisema. "My mother." Mzee akamfungulia mlango.

Alifika saa tisa na nusu. Abiria walikuwa wameshatawanyika. Karibu na mlango, kwenye kiti cha magurudumu, alikaa mwanamke mwenye umbo dogo kuliko alivyomkumbuka, mfuko mweupe wa karatasi za safari shingoni, viganja vimeshika mikono ya kiti kama anayeogopa kung'olewa. Kando yake kijana wa shirika la wakimbizi, lililompangia mama makazi Buffalo, alitazama saa. Mama alikuwa amekataa kuondoka.

Adolphine alipiga magoti. Mama hakulia. Alimshika uso, masikio, mabega, vidole, kimoja kimoja, akahesabu kumi.

"Ni weye," akasema.

"Ni miye, mama."

"Mukwe wangu iko wapi?"

Hapo Adolphine akalia yeye, na yote yakamtoka bila mpangilio: dizeli, uongo, madumu, barabara. "Nimemuacha kule na bidoni zake. Nimemuambia ukweli. Nimemuambia Précieux alikufa juu ya makosa yake."

Mikono ya mama ikasimama usoni pake.

"Nani alikuambia ni juu yake?"

"Mama, bidoni ilikuwa tupu. Aliapa ilijaa."

"Ilijaa." Mama alitazama chini. "Asubuhi ile muke wa jirani Bisogo alishikwa na uchungu, mutoto alikuwa amekaa vibaya. Walikuja wanalia, wanatafuta mazutu ya motokari. Weye ulikuwa shambani. Nikatoa yenu, nikawapa. Nikasema jioni nitamuambia Masumbuko. Sikujua mutoto wetu atashikwa muchana."

Adolphine alibaki amepiga magoti.

"Nilimuambia kesho yake, kwa kaburi. Nilitaka nikuambie na weye, akanikataza. Alisema, mama, yeye iko na mama mumoja tu, wacha akasirikie miye." Mama akamtazama. "Hajakuambia? Miaka hii yote?"

Kijana wa shirika alikohoa, akaonyesha gari dogo jeupe lililosubiri nje. Adolphine alisimama. Alitaka kumfokea mama yake, akashindwa. Mwanamke yule alikuwa ametoka kwenye ndege nusu saa tu iliyopita. Akatoa simu, akampigia mumewe.

Masumbuko alipokea kabla haijalia mara ya pili. Hakusalimu.

"Amekuona?"

"Ameniona."

"Alikushika?"

"Alinishika."

"Bon," alisema, na sauti yake ikasikika imechoka sana. "Bon. Hiyo njo muzuri."

"Acha hiyo filta!" Adolphine akamfokea. "Ingia ndani ya gari, ufunge milango, uweke mikono makwapani! Tunakuja kukutwaa sasa hivi, unasikia? Usitoke!" Kijana wa shirika alirudi nyuma hatua moja kwa ukali ule. Adolphine mwenyewe aliusikia, akaendelea kufoka hivyo hivyo, kwa sababu kwa miaka kumi na moja hakuwa amejizoeza sauti nyingine ya kusema naye.